Stesheni Hana Siku

Benchi la Maame Mansa lina miguu mitatu na tofali moja. Liko kwenye kona ya kituo cha malori pale Asuoso, kati ya meza yake ya kahawa na kibanda cha kuziba pancha, na Jumamosi mchana hukaliwa na watu walewale: Mheshimiwa, aliyegombea udiwani mara mbili na kushindwa mara mbili, Redio, ambaye hana redio ila habari anazo, na Hakimu, aliyewahi kufagia mahakamani. Wote watatu husali kanisa moja, lile la mtoni. Jumamosi hiyo, kesho yake ikiwa sikukuu ya mavuno, walikuwa wakimjadili fundi pancha. Fundi pancha mwenyewe alikuwa amechuchumaa pembeni yao juu ya tairi la lori la vitunguu, na kila neno alilisikia.

Anaitwa Stesheni. Aliokotwa hapo kituoni akiwa kichanga, ndani ya kikapu cha nyanya, na hakuna aliyejua alizaliwa siku gani. Kwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Asuoso mtu huitwa kwa siku yake ya kuzaliwa kabla hajapewa jina jingine lolote, na kwenye sikukuu ya mavuno watu hutoka mbele ya kanisa kwa siku zao, wa Jumatatu na viazi vikuu vyao, wa Jumanne na ndizi zao, wakicheza, mpaka siku zote ziishe. Jumapili iliyopita walifanya mazoezi. Stesheni, ambaye hata mwaka hajamaliza tangu abatizwe, aliinuka na watu wa Alhamisi. Mama mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa, kama ana hakika. Akakaa. Akainuka na wa Ijumaa. Akaulizwa tena. Mwishowe kanisa zima lilikuwa mbele linacheza, na kwenye viti alibaki yeye na bibi mmoja mwenye mguu mbovu.

Mjadala ulianza pale mke wa fundi cherehani alipopita amevaa nyeupe kuanzia kilemba hadi ndala, kama wavaavyo Asuoso wanawake waliojifungua salama.

— Kajifungua, Redio akatangaza. Jumanne alfajiri. Mtoto wa kiume.

— Kwabena mwingine, Hakimu akasema, naye akajiweka sawa kwenye benchi, maana yeye ni Kwabena. Watu wa Jumanne tunaongezeka. Mtoto wa juzi tu, siku anayo. Na huyu hapa mzima na ndevu zake, siku hana.

— Niko hapa, Stesheni akasema.

— Tunakuona, Mheshimiwa akamjibu. Hatukusengenyi, tunakushughulikia.

Stesheni akarudi kwenye tairi lake. Kushughulikiwa alikuwa amekuzoea. Mwaka juzi wakwe zake watarajiwa walimshughulikia jioni nzima, kisha wakamwambia binti yao hawezi kuolewa na mtu asiye na siku, kwa sababu asiye na siku hana watu, na asiye na watu nani atamletea pombe ya posa? Baada ya hapo ndipo alipoanza kwenda kanisani. Alikwenda kwa sababu pale mlangoni hakuna aliyemuuliza anatoka kwa nani. Mchungaji alimwambia kwamba Mungu alikuwa anamjua kabla ya kikapu cha nyanya, na Stesheni, ambaye si mtu wa kuamini ovyo, aliliamini hilo. Ndiyo maana yale mazoezi yalimuuma kuliko maneno ya wakwe.

— Tuanze na ushahidi, alisema Hakimu. Aliokotwa siku ya soko. Soko ni Ijumaa. Basi ni Kofi.

— Kuokotwa na kuzaliwa ni mambo mawili, akasema Redio. Mbuzi wangu nilimwokota Jumatano, sijamwita Kwaku. Na nilisikia kitovu kilikuwa kimeshakauka. Kitovu kinataka kama wiki.

— Wiki nyuma ya Ijumaa ni Ijumaa.

— Inategemea ni wiki ya wapi. Mimi nasema alizaliwa ndani ya lori. Lori lilikuwa linatoka Togo. Kule mambo yao yanakwenda kwa Kifaransa. Alitoka tumboni mwa mama yake Alhamisi ya Kifaransa, lori likavuka mpaka, huku kwetu ikawa bado Jumatano. Sasa utamweka wapi?

— Wa Alhamisi si ni ninyi? Mchukueni.

— Alhamisi ya Kifaransa, nimesema. Sisi wa Alhamisi ya hapa tumeshajaa.

Maame Mansa akamwaga maziwa mazito ya kopo kwenye vikombe, akakoroga, akawasukumia. Ana watoto watano na tangu alfajiri alikuwa amesimama.

— Mnahangaika bure, Mheshimiwa akasema, naye akaupoza mdomo wa kikombe kwa pumzi. Mimi nimelifikiria jambo hili kama kiongozi wa watu wa Jumapili. Zamani siku zilikuwa nane.

— Nane!

— Nane. Wazungu walipoondoka, waliondoka na moja. Mnakumbuka walivyofunga masanduku? Ndani ya masanduku mlijua kuna nini? Huyu ni mtu wa siku ile. Ndiyo maana kila pahali anaposimama panakuwa padogo.

Hakimu na Redio wakaipima siku ya nane. Redio alionekana anaona wivu kwamba si yeye aliyeiwaza.

— Kwa hiyo kesho? akauliza Hakimu.

— Kesho akae. Kuna ubaya gani wa kukaa? Yule bibi wa mguu anakaa. Watatazamana.

Stesheni akaweka chini chuma chake cha kufungulia tairi.

— Mjomba Mheshimiwa, kesho nikibaki nimekaa, Jumapili nyingine mtanikuta hapa kibandani naziba pancha. Sisemi kwa hasira. Nakuambieni tu, msije mkanitafuta.

— Usituwekee masharti, kijana.

— Si masharti. Kama hata mle ndani sina pa kusimama, basi hapa kituoni ndipo kwetu. Angalau hapa tairi likitoboka naitwa.

Mheshimiwa alianza kusema kitu kuhusu utaratibu, akaona ni afadhali anywe kahawa.

Ndipo mwenye lori la vitunguu, aliyekuwa amelala chini ya gari lake muda wote huo, akatoka akijifuta vumbi. Anaitwa Seidu, mtu wa kaskazini. Aliomba kahawa bila maziwa, akaketi ncha ile ya benchi yenye tofali.

— Samahani, wazee, mimi msikiti wangu uko mbali na kanisa lenu silijui. Ila nimewasikiliza. Kwetu watu hawaitwi kwa siku sana. Nauliza tu. Wewe, mzee, umejuaje kama ni wa Jumapili?

— Mimi? Mimi ni Kwasi! Kila mtu anajua.

— Wamejuaje?

— Niliwaambia.

— Wewe nani alikuambia?

Mheshimiwa akafikiri.

— Mama.

— Na wewe?

— Mama, akasema Hakimu.

— Mimi nilisikia, akasema Redio. Kwa mama.

— Kumbe hakuna mwenye uhakika wake mwenyewe, akasema Seidu, bila kejeli. Mmeambiwa na mama zenu, mkaamini. Sasa huyu ndugu, mama yake hapo kanisani kwenu ni nani?

Redio akatazama barabarani kana kwamba jibu lingefika na basi la Kumasi. Stesheni aliinamia beseni la maji, akaushika mpira wa ndani wa tairi bila kutafuta tundu. Swali hilo alikuwa amejiuliza tangu akiwa mdogo.

— Ni wa Jumapili, akasema Maame Mansa.

Alikuwa anasuuza vikombe, hakugeuka.

— Umejuaje, Maame?

— Nilikuwepo.

— Ulikuwepo wapi? Kituoni?

— Mtoni, Jumapili asubuhi. Alitoka majini anatetemeka, uchi mpaka kiunoni, anapiga kelele kwa baridi, na kila mtu anaimba tu. Nikavua kitambaa changu cha mabegani nikamfunika. Mpaka leo hajanirudishia.

— Ule ulikuwa ubatizo, Maame, akasema Mheshimiwa.

— Mchungaji alisema nini pale? Alisema huyu amezaliwa leo. Sikusema mimi. Mkajibu amina. Wewe, Mheshimiwa, ulijibu mara mbili, unapenda kusikika.

— Ni namna ya kusema tu ile.

— Basi kesho mbele ya kanisa simama uwaambie mlikuwa mnasema tu.

Hakimu akakohoa.

— Lakini kisheria, Maame...

— Sheria gani? Ulikuwa unafagia.

Akachukua birika, akaligeuza juu ya kikombe cha Redio. Yakatoka matone machache na machicha.

— Kahawa imekwisha. Nendeni nyumbani, nina nguo ya kufua. Kesho navaa nyeupe.

Redio, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alikuwa na habari na hakujua aianzie wapi. Alimtazama Maame Mansa, akamtazama Stesheni na ndevu zake, akahesabu kitu kwa vidole, akaacha.

— Nyeupe? Watu watauliza, Maame.

— Waulize.

Mheshimiwa akasimama, akakung'uta suruali.

— Kwasi wawili kanisani walikuwa wananitosha, akasema. Njoo mapema. Sisi wa Jumapili tunakuwa wa mwisho, lakini tunapanga mstari mapema. Na usije na kiazi kidogo.

Stesheni akaitikia kwa kichwa. Alifunga tairi la Seidu, akakaza kila nati zaidi ya inavyohitaji, akanawa mikono. Kisha akaenda kwenye meza ya kahawa, akasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa.

— Maame. Nikufanyie nini?

Maame Mansa akamsukumia ndoo kwa mguu.

— Nenda kanichotee maji. Aliyejifungua habebi ndoo.