Fundi Juu-Chini na Gololi za Kila Jumamosi

Mzee tuliyemsindikiza hapa leo alizaliwa alfajiri ya tarehe 3 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama mshona magodoro. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mkunga alikuwa bado anavua koti mlangoni, mtoto keshatoka. Alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo kumkalisha ilikuwa kazi ya watu wawili. Alikula amesimama. Ukimpa kiti alikigeuza kwanza akague miguu yake, kisha akakirudisha ukutani, akaendelea na safari zake za chumbani hadi uani.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1961. Akili alikuwa nayo, ila yeye na dawati hawakupatana. Mwalimu wa darasa la pili alichoka kumwambia kaa, akampa kazi ya kugonga kengele ili apate sababu halali ya kutoka nje. Aliigonga miaka mitano na haikuchelewa hata siku moja. Mara mbili iliwahi mno, shule nzima ikaenda nyumbani saa nne. Alimaliza darasa la saba mwaka 1967, na baada ya vibarua vya hapa na pale akasoma umeme jioni katika chuo cha ufundi, akapata cheti tarehe 12 Desemba 1971.

Tarehe 7 Februari 1972 aliajiriwa kuwa msaidizi wa fundi katika kampuni ya kutengeneza lifti, akadumu huko miaka arobaini na moja, mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2013. Huko ndiko alikopewa jina la Juu-Chini. Wenzake walisema ni kwa ajili ya lifti. Mkewe alisema ni kwa ajili ya mwenyewe. Alizijua lifti kwa sikio. Aliweka kiganja ukutani ghorofa ya chini akasema beringi ya juu imeanza kulia, na wakipanda kuangalia wanaikuta kweli inalia. Hata alipokwenda kwa daktari au ofisi ya pensheni hakuweza kuupita mlango wa lifti bila kusimama kuusikiliza, na foleni ikampita.

Mkewe pia alimpata kwenye lifti. Mama alikuwa mpiga taipu wa ghorofa ya tisa, lifti ikakwama naye kati ya ghorofa ya sita na ya saba, na fundi aliyeitwa alikuwa yeye. Mama anasema alikaa humo dakika arobaini. Marehemu alisema kumi na tano. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, na ubishi huo haukuisha. Mama alikuwa akisema angetaka angemtoa mapema, ila alinogewa na mazungumzo ya kupitia tundu la mlango. Walijaliwa mtoto mmoja, wa kiume, mwaka 1984, akawa mpima ardhi. Mwana huyo alioa mwaka 2014, akapata binti mwaka 2016, na tarehe 9 Agosti 2021 akafariki baada ya kuugua siku kumi na moja.

Hapo ndipo kutotulia kwa mzee kulipogeuka sura. Zamani kulikuwa kwa mtu mwenye nguvu za ziada. Sasa kukawa kwa mtu anayesikilizia mlango. Mke wa marehemu mwanawe, ambaye ni muuza dawa, aliendelea kuja kila Jumamosi na mtoto, mabasi mawili kuja na mawili kurudi, na hakuna aliyemlazimisha. Walikuwa wakifika saa nne. Saa mbili mzee alikuwa keshasimama dirishani, saa tatu amekwenda kituoni na kurudi, saa tatu na nusu anamuuliza mkewe kama saa ya ukutani haijasimama.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 zikapita Jumamosi mbili bila wao. Simu ya kwanza ilisema mafua, ya pili ikasema kazi. Wiki ya tatu mkewe akasikia kwa jirani kwamba yupo mwalimu wa hesabu anayemngoja mkaza mwana wao nje ya duka la dawa jioni, na mwavuli mkononi hata jua likiwaka. Mama alicheka. Mzee hakucheka. Alitembea hadi mwisho wa mtaa, akarudi, akatoka tena. Kilichomkosesha raha alikisema mara moja tu, jikoni, akiwa amempa mkewe mgongo.

"Akiolewa, sisi tutakuwa nani wake? Kilichotuunganisha ni mtoto wetu, na mtoto wetu hayupo."

Mkewe akamwambia amuulize mwenyewe. Akasema hawezi, maana akishajibiwa hakuna tena pa kujificha. Basi badala ya kuuliza, akapika.

Mjukuu alikuwa ametaja kinywaji kinachouzwa karibu na kazini kwa mama yake: chai baridi ya maziwa na magimbi, rangi ya zambarau, yenye gololi nyeusi laini za wanga wa muhogo chini ya glasi, unazivuta kwa mrija mnene kama kidole. Mzee aliamini kwamba kikipatikana nyumbani, mtoto atadai kuja, na mtoto akidai, mama atamleta. Siku ya kwanza alimenya magimbi mabichi mikono mitupu, akajikuna mpaka jioni. Akayachemsha, akayaponda na maziwa na sukari, na mjukuu alipoyaona akauliza mbona yana rangi ya saruji. Wiki iliyofuata mzee akaongeza kiazi kitamu cha zambarau kilichochemshwa, rangi ikakubali.

Gololi ndizo zilizomtoa jasho. Wanga aliukanda kwa maji ya bomba, ukawa kitu cha ajabu: ukiukamata unaganda, ukiuachia unamwagika kati ya vidole. Alisimama nao katikati ya jikoni akiukamata na kuuachia kama nusu saa, mkewe akamuuliza kama anautengeneza au anaupima mapigo. Baadaye alijua kwamba maji lazima yachemke pamoja na sukari ya kahawia, yamiminwe yakiwa bado yanatokota, na unga ukandwe wa moto hivyo hivyo, mikono iungue kidogo. Hapo akatulia na ufundi wake. Alitoboa kibao cha plastiki tundu la milimita nane, na kila gololi aliyoifinyanga ilipitishwa humo. Isiyopita ilikwenda kwenye sahani ya mkewe.

Ila ufundi huo huo ukamponza. Gololi zilipoiva aliona zinang'ang'aniana, na miaka arobaini na moja ilikuwa imemfundisha kwamba vitu vya mviringo vikigoma vinatiwa mafuta. Akazitia vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Kweli zikaachana, na sharubati ya sukari nayo ikakataa kuzishika, na juu ya chai kukatanda utando unaometameta. Mjukuu alivuta mrija akasema, "Babu, zinanikimbia mdomoni." Mama yake alimaliza glasi yote bila neno, midomo iking'aa kama ametoka saluni. Mzee aliona gololi zilizokimbia. Glasi iliyokwisha hakuiona.

Msichana wa duka linalouza kinywaji hicho ndiye aliyemnasua. Mzee alimfuata na kumsimamisha kaunta, watu nyuma yao wakinung'unika, mpaka akaambiwa utaratibu: zichemke dakika ishirini, zifunikwe nyingine ishirini bila moto, zioshwe kwa maji baridi, ziingie moja kwa moja kwenye sharubati. Tena zinywewe siku hiyo hiyo, kwa sababu zikilala zinakuwa ngumu kama maharage mabichi. Kwa hiyo kila Jumamosi alianza upya, saa kumi na moja alfajiri, bila kujua kama watakuja. Wakija alizunguka meza akitazama glasi badala ya kunywa. Wasipokuja hakuruhusu bakuli liguswe hadi jioni, akilifunua na kulifunika, na akimwambia mkewe kwamba mabasi ya mchana nayo yapo.

Tarehe 15 Novemba 2024 mkaza mwana alipiga simu kwamba kesho yake atakuja na mgeni. Jumamosi hiyo mzee alipika gololi mara tatu. Alimenya magimbi mikono mitupu, yeye aliyejua yanavyowasha. Walipogonga alipaza sauti kwamba wakae, yeye yuko kazini, na jikoni hakutoka. Mwalimu wa hesabu alikaa sebuleni na mke wa mzee akijibu maswali ya mwavuli. Robo saa ikapita, mkaza mwana akaingia jikoni.

"Baba, njoo basi ukae na mgeni."

"Hazijaiva."

"Zinaelea zote."

"Kuna dakika ishirini za kufunika."

Akanyoosha mkono akazima jiko. "Baba, kwani unadhani tunakuja kwa ajili ya chai?"

Mzee akasema mtoto anaipenda.

"Mtoto anaipenda. Mimi magimbi yananiwasha koo tangu utotoni. Karibu miaka miwili nakunywa, nikifika nyumbani nasukutua. Nakunywa kwa kuwa umepika wewe." Alimpokonya mwiko, maana alikuwa anaendelea kukoroga sufuria iliyozimwa. "Yule bwana anataka kunioa, nami nimemwambia akaseme na baba yangu. Mimi baba mwingine sina. Sasa wewe umejificha huku na sufuria, yeye aseme na nani?"

"Nilidhani mtaondoka," mzee alisema.

"Twende wapi?"

Alinawa mikono, akaenda sebuleni, akakaa. Mama anashuhudia kwamba alikaa saa nzima na nusu. Swali lake la kwanza kwa mwalimu lilikuwa kama lifti ya shuleni kwao inafanya kazi, na mwalimu akajibu kwa adabu kwamba shule ni ya ghorofa moja. La pili lilikuwa kama atamleta mtoto kila Jumamosi. Mwalimu alisema ndiyo, na akataja mabasi yote mawili kwa namba. Gololi zilisahaulika sufuriani zikagandamana kuwa donge moja, wakalikata kwa kisu wakalila kwa vijiko.

Maradhi ya moyo yaligunduliwa tarehe 20 Januari 2025. Miguu ilivimba, daktari akaamuru kitanda na kupunguza chumvi. Chumvi aliipunguza. Tarehe 22 Februari alimkabidhi mkaza mwana kwa mwalimu wa hesabu siku ya harusi yao, akasimama muda wote ingawa viti vilikuwapo. Tarehe 28 Aprili alilazwa hospitali, wodi namba nne. Muuguzi aliyekuja na fomu alimtazama mwanamke aliyeketi kando ya kitanda akauliza ni nani kwa mgonjwa. Mwanamke alifungua mdomo aanze kueleza habari ndefu ya mume aliyefariki na mume mpya. Mzee akamkatiza.

"Binti."

Muuguzi alisema majina hayafanani, na kwenye fomu ipo nafasi ya wakwe.

"Mkwe ni yule pale anayesoma tangazo la kunawa mikono. Huyu andika binti."

Ikaandikwa hivyo. Siku zilizofuata aliamka kitandani mara nyingi kuliko alivyoruhusiwa, akifika hadi mwisho wa wodi na kurudi, mkono ukutani. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkewe akiwa upande mmoja na binti yake upande wa pili.

Wakati wa kuandaa wasifu huu, baadhi ya ndugu walipendekeza binti huyo atajwe kama mke wa marehemu mwanawe, ili wageni wasichanganyikiwe. Nakala ya fomu ya hospitali ikaletwa mezani, na mjadala ukaisha.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, kaka mmoja na dada mmoja. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani.