Dada Yeh Pi-hsia na Mbwa wa Houtsu

Tarehe 16 Julai Dada Yeh Pi-hsia anarudisha funguo, kofia ya pikipiki ya ofisi na kitanzi cha kukamatia mbwa, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ofisi ya Ulinzi wa Wanyama ya wilaya yetu. Mkurugenzi ameniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha kwa ajili ya programu ya sherehe. Nimejaribu. Ukurasa umezidi mmoja, na uchangamfu wenyewe umechelewa kidogo njiani, mtaniwia radhi.

Aliajiriwa mwaka 1994 kuwa mpiga chapa wa kitengo cha mifugo. Miezi sita baadaye alihamishiwa kwenye chanjo za nguruwe kwa sababu, kwa maneno ya bosi wake wa kwanza, "huyu mama sauti yake inawashinda." Tangu hapo ameumwa na mbwa mara tisa, amekwaruzwa na paka mara ambazo hata yeye hazikumbuki, na amefukuzwa na bata bukini mmoja tu, na mpaka leo Dada haogopi kiumbe kingine ila huyo. Mfukoni hakosi vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Wageni hudhani ni vya mbwa. Ni vyake, na hagawi.

Lakini kuna miaka kumi na minne ambayo haisimulii kwenye karamu za ofisi, na mimi leo nitaisema kwa sababu bila hiyo hamtamjua. Kuanzia 2002 hadi 2016 alifanya kazi katika kituo cha mbwa wa mitaani. Wakati ule mbwa aliyeletwa kituoni alikaa siku kumi na mbili. Asipochukuliwa na mtu, siku ya kumi na tatu alipigwa sindano ya mwisho. Sindano alipiga daktari. Dada Pi-hsia ndiye aliyewashika. Alikuwa akiwakumbatia shingoni kwa mkono wa kushoto, anawaambia kwa Kihokkien, lugha ya mama yake, "Mzuri wewe, mzuri wewe," mpaka wanalegea. Nilimwona mara moja tu, na sikurudi tena kule.

Mwaka 2015 ikaja sheria: kila mwenye mbwa au paka amfunge uzazi, au alete fomu ya kueleza kwa nini hataki. Asiyefanya hivi wala vile, faini. Wengi hapa ofisini waliipokea kama kazi ya ziada. Dada Pi-hsia aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na viazi vyake. Alisema, "Wasipozaliwa, sitawashika." Kesho yake aliomba ahamishiwe ukaguzi wa vijijini. Mkurugenzi wa wakati ule alikubali kwa sharti kwamba siku za sindano aendelee kwenda kituoni, maana hakuna mwingine aliyeweza kuwashika wakatulia.

Na hapa naingia mimi, na kosa langu.

Kijiji cha Houtsu kilikuwa donda ndugu la ofisi yetu. Kaya hamsini na nane zenye mbwa, na hakuna hata moja iliyoleta mbwa wala fomu. Kila masika watoto wa mbwa waliachwa kwenye maboksi ya ndizi langoni kwa hekalu, na kila masika gari letu liliwachukua. Nilikuwa mgeni kazini, nimekulia ghorofa ya tisa mjini, na nilipewa kazi ya kupanga siku za gari la upasuaji. Niliangalia kalenda ya ukutani, nikaona tarehe 17 na 18 Agosti 2016 ziko wazi. Nikaandika Houtsu. Sikutazama maandishi madogo ya kalenda ya mwezi mwandamo chini yake. Kwa kalenda hiyo tarehe 17 ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba, karamu ya Ndugu Wema, yaani mizimu, ambayo watu huiita hivyo ili wasiitaje kwa jina lake. Mwezi ule mzima mtu wa Houtsu haoi, hahami, haogelei, na kisu hakimgusi yeye wala mnyama wake wa nyumbani.

Tulifika saa tatu asubuhi. Uwanja wa hekalu ulikuwa umejaa meza za matoleo: kuku wazima, mananasi, pakiti za tambi, makopo ya bia. Gari letu jeupe liliegeshwa katikati na picha ya mkasi ubavuni. Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Mpaka saa sita alikuwa ameletwa paka mmoja tu, wa mwalimu wa shule.

Dada Pi-hsia hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Begani alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kulikuwa na hati hamsini na nane za faini, zimeshagongwa mhuri. Amri ya mkurugenzi ilikuwa wazi: gari halitarudi Houtsu kabla ya mwaka mpya, kwa hiyo asiyeleta mbwa kabla ya jioni ya pili apewe hati yake mkononi.

Alikwenda kwa mtunza hekalu, Mzee Hsiao Wan-te, aliyekuwa ameketi barazani na chai yake. Chini ya kiti alilala Kuro, jike jeusi, mama wa nusu ya watoto tuliowaokota langoni miaka yote ile. Mzee alikuwa na miaka sabini na nne na mdomo wa pilipili.

"Mama afisa," alisema, "mwezi huu mimi hata kucha sikati. Wewe unakuja na mkasi mkubwa namna ile?"

"Mzee wangu, tarehe tumekosea. Kosa ni letu. Lakini nisaidie. Nina hati hapa, na sitaki kuzigawa."

"Zigawe! Nani amekukataza?" Alimimina chai akampa kikombe, hasira na adabu kwa pamoja. "Zigawe leo, halafu kesho pita barabarani uhesabu mbwa. Hutapata wa mtu. Hawana alama, hawana jina. Kila nyumba itakwambia, 'Huyu? Sijui katokea wapi.' Uwabebe wote, upeleke kule kwako."

Kule kwako. Dada Pi-hsia alikitua kikombe sakafuni kabla ya kukinywea. Mbwa hamsini na nane wazima, siku kumi na mbili, na yeye ndiye angewashika. Mzee hakujua alichosema, lakini sisi wawili tulijua.

"Basi tumuulize Babu," alisema Dada Pi-hsia.

Babu ni Babu wa Ardhi, mungu wa kijiji, mwenye ndevu nyeupe na uso wa kucheka, anayekaa madhabahuni mle ndani. Houtsu hawajengi hata choo bila kumuuliza. Mzee Hsiao aliweka birika chini.

"Unajua unachosema?"

"Najua. Akikubali mara tatu mfululizo, mnaleta mbwa leo. Akikataa, naondoka na gari, na hizi hati hazitoki mkobani."

Nilimvuta mkono wa shati. Nilimnong'oneza kwamba hana mamlaka hayo, kwamba sheria ya nchi haiulizwi kwa vibao vya hekalu, kwamba atafukuzwa kazi. Alinitazama mara moja. "Shao-chin, nyamaza," alisema.

Habari ilizunguka kijiji haraka kuliko pikipiki. Saa nane hekalu lilikuwa limejaa, na wengine wanachungulia madirishani. Kwa asiyejua, vibao ni viwili vya mti, vyekundu, umbo la nusu mwezi, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Ukivirusha, kimoja kikilala bapa juu na kingine mviringo juu, mungu amekubali. Vyote mviringo juu, amekataa. Vyote bapa juu, anakucheka tu bila kukasirika, mara nyingi kwa sababu hujasema vizuri.

Dada Pi-hsia alipiga magoti, akainua vibao usawa wa paji la uso, akasema kwa Kichina cha ofisini, kwa sauti ya mkutano: "Kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa, ofisi yetu inaomba ridhaa ya kutekeleza upasuaji wa kufunga uzazi katika tarehe iliyopangwa." Akarusha.

Vyote bapa juu. Hekalu zima likaangua kicheko.

"Babu hasomi barua za serikali!" bibi mmoja alipiga kelele toka dirishani.

Mzee Hsiao hakucheka. "Hukutaja jina lako," alimwambia. "Hukutaja unakokaa. Hukusema unataka nini. Sema na Babu kama mtu, mama."

Dada Pi-hsia aliviokota vibao, akavishika kwa mikono miwili. Alipofungua mdomo tena, ilikuwa Kihokkien, na sauti ilikuwa ndogo.

"Babu, mimi ni Yeh Pi-hsia, nakaa nyuma ya soko la samaki, nyumba ya pili. Miaka kumi na minne nawashika mbwa wakipigwa sindano ya kufa. Wa kijiji hiki, mwaka huu peke yake, arobaini na mmoja. Wengi walikuwa hawajafumbua macho vizuri. Huwa nawaambia wazuri. Wananilamba mkono, Babu. Sijawahi kumshika mbwa pale akaamka tena. Ukikataa leo, wataendelea kuja kwenye maboksi, na mimi nitaendelea kuwashika. Nimechoka. Naomba uniruhusu niwafunge uzazi. Ubaya wa mwezi huu, kama upo, uje kwangu."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wawili karibu yangu walikuwa wanajifuta macho, na mmoja wao alitazama chini. Nadhani alikumbuka boksi lake.

Alirusha. Kimoja bapa, kimoja mviringo. Ndiyo.

Alirusha tena. Ndiyo. Watu walivuta pumzi kwa pamoja.

Mara ya tatu alivirusha kwa nguvu mno. Kibao kimoja kilianguka mbele yake, mviringo juu. Cha pili kiligonga sakafu, kikaruka, kikabingiria chini ya meza ya matoleo, nyuma ya kitambaa chekundu, na kikapotelea huko.

Hakuna aliyesogea. Kibao ambacho jibu lake halijaonekana hakiguswi na mtu ila mtunza hekalu. Mzee Hsiao, aliyekuwa mpinzani kuliko wote, alishika kiuno, akapiga magoti polepole, akaingiza kichwa na mabega chini ya kitambaa. Tuliona visigino vyake tu. Alikaa kule muda ambao kwangu ulikuwa mwaka mzima. Kisha akatoka kinyumenyume, vumbi kichwani, kibao mkononi.

"Bapa juu," alisema. "Babu amekubali."

Akaenda moja kwa moja barazani, akambeba Kuro mikononi kama mtoto, akawa wa kwanza kupanda ngazi ya gari. "Haya, mama," alisema, na pilipili yote ya mdomo wake ilikuwa imeisha. "Mshike wewe."

Akamshika. Mkono wa kushoto shingoni, mzuri wewe, mzuri wewe. Daktari Pai, aliyekuja na gari letu, akapiga sindano ya usingizi, Kuro akalegea mikononi mwa Dada Pi-hsia kama wale wa kituoni. Upasuaji ulipokwisha Dada alikataa kutoka kwenye kibanda cha kuamkia. Nje foleni ilizunguka meza za matoleo, watu wanaita, fomu zinanisubiri, yeye kaketi sakafuni na mkono juu ya ubavu wa mbwa anahesabu pumzi. Baada ya dakika arobaini Kuro alifungua jicho moja, akainua kichwa, akamlamba kidole. Dada Pi-hsia alilia kwa sauti ambayo ilisikika mpaka barabarani. Mzee Hsiao alisimama mlangoni akamwacha alie.

Siku mbili zile tulifunga uzazi mbwa hamsini na watatu. Hati zilirudi ofisini mkobani, na yeye alipata onyo la maandishi, ambalo amelitundika ukutani karibu na dawati lake. Wengi wenu mmekuwa mkidhani ni tuzo. Februari iliyofuata sindano za siku kumi na mbili zilikomeshwa nchi nzima. Tangu wakati huo amezunguka vijiji vyote ishirini na sita vya wilaya yetu, na humwambia kila mgeni wa kazi jambo lile lile: kwamba yeye ana deni la shukrani kwa Babu wa Ardhi wa Houtsu, aliyemkubalia mara tatu.

Dada, hapo nina la kukwambia. Mzee Hsiao yuko nasi ukumbini leo, safu ya pili, ana miaka themanini na mitatu, na ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba usimpigie kelele mbele ya watu. Alinieleza majira ya baridi yaliyopita. Kile kibao cha tatu hakikuwa bapa juu. Kilikuwa mviringo juu, kama mwenzake. Ilikuwa hapana. Alikitazama kule gizani, alisema, akasikia bado sauti yako ikisema wananilamba mkono, akakigeuza kwa kidole. Kesho yake alfajiri alipiga magoti mbele ya Babu aombe msamaha, akarusha vibao mwenyewe. Vyote viwili vilikuwa bapa juu. Akarusha tena, vikawa vilevile. "Alinicheka, mwanangu," aliniambia, "alinicheka mpaka nikacheka na mimi."

Kwa hiyo aliyekukubalia siku ile ni jirani wa watu, mwenye mbwa wake, aliyekusikiliza. Mshukuru yeye. Nasi tunakushukuru wewe, kwa kila lango la hekalu ambalo masika haya tulipita tukakuta limefagiliwa na halina boksi. Kapumzike, Dada Pi-hsia, afya njema ikufuate, na kila mbwa utakayemkumbatia kuanzia kesho aamke.

Ku Shao-chin
Kitengo cha Usajili, yule aliyepanga tarehe