Aliyekalia Pipa Namba Ishirini na Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha dawa hapa Nakuru, Bi. Hellen Chelangat anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Alianza akiosha vyombo vya maabara. Akasoma jioni, akapata cheti, na mwaka 2014 ndiye aliyekabidhiwa kifaa kipya cha kutambua malighafi kwa mwanga. Kifaa hicho humulika sampuli kwa mwanga usioonekana kwa macho, kikasoma jinsi unavyorudi, kisha kikaulinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa ndani yake. Kwa sekunde chache unajua kama kilichoandikwa nje ya pipa ndicho kilichomo. Zamani tulipima pipa moja katika kumi na kuyaamini mengine. Yeye akasema kila pipa, na jina likamganda: Mama Kila Pipa.

Sitamsifu kwa uongo, maana hapendi. Aprili 2016 alikosea. Kifaa kilikataa mapipa kumi na manane ya gliserini, kimiminika kitamu tunachotengenezea dawa za maji, tukakaa siku tatu bila kazi. Maabara ya Nairobi ikasema gliserini ni nzuri, ila imenyonya unyevu kidogo. Vielelezo vyake vyote alikuwa amevikusanya Januari, wakati wa jua kali, kwa hiyo kifaa hakikuitambua gliserini ya msimu wa mvua. Aliomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, halafu akatumia mwaka mzima kukusanya vingine, vya kiangazi na vya mvua.

Kwa hiyo Mei 2017, kifaa kilipokataa pipa namba ishirini na tatu kati ya arobaini ya gliserini, tulicheka. Muhuri ulikuwa mzima na karatasi zake safi. Mimi, Mwaura, msimamizi wa kuchanganya dawa, nilikuwa na tangi la dawa ya kikohozi ya watoto likisubiri. Nilimwambia mbele ya vijana wangu, "Mathe, si hiyo ni mvua tena?" Alilikalia pipa, akafungua chakula chake cha mchana palepale, na hakubanduka mpaka sampuli ilipochukuliwa na pipa likafungiwa.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili. Ndani mlikuwa na kemikali ya viwandani, nzito na tamu kama gliserini, inayoharibu figo. Nilienda kumwomba msamaha. Akanipa kalamu nitie sahihi kwamba pipa limekataliwa.

Kuanzia Julai kazi ya kupima mapipa ni ya Cheruto, aliyefundishwa naye, na ambaye mwezi huu ameshanikatalia mara mbili.

Bi. Chelangat, asante. Nenda Njoro ukafuge ng'ombe wako, ingawa tunamhurumia atakayekuuzia chakula chao, maana utamfungulisha kila gunia. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya furaha.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Wiki ile binti yangu Shiko, wa miaka mitatu, alikuwa akikohoa, na nilikuwa nimeahidi kumpelekea chupa ya kwanza kutoka tangi lile. Sasa ana miaka kumi na mmoja. Anakusalimu.