Baridi Anatafuta Mashahidi Wawili

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, liko mbele ya kibanda changu cha viatu, na hapa watu hubishana mpira mpaka mate yanakauka. Siku ile hakuna aliyetaja mpira. Baridi, fundi wetu wa majokofu, alikuwa anasubiri gari la jirani limpeleke hospitali. Kesho yake anapasuliwa tumbo. Nyumba yake ya vyumba vitatu anataka aipate binti yake wa kufikia, aliyemlea tangu mdogo na kubaki naye mama mtu alipofariki. Bila wosia, binti huyo hana chake. Kaka yake Baridi, mtu asiye na haya hata chembe, alishakuja juzi na futi kamba kupima kiwanja, mwenye nyumba akiwa ndani anaugulia! Nilitamani nimrushie kiatu.

Baridi: Jamani, gari likifika naondoka. Niandikieni hiyo karatasi.

Spoku, fundi baiskeli, akaweka kikombe chini.

Spoku: Wosia? Unajichuria, kaka. Unaenda kutibiwa, halafu unatuaga!

Baridi: Siagi. Naogopa.

Spoku: Basi muuzie binti nyumba leo hii, kwa kikombe cha kahawa. Ukipona anakurudishia.

Jaji: Hapo ndiyo unaharibu kabisa!

Jaji tunamwita hivyo kwa sababu alifagia mahakama miaka mingi, na anaamini sheria ilimwingia kupitia mpini wa ufagio.

Jaji: Wosia unaandikwa kwa wino mwekundu. Mlango umefungwa. Na mwenye mali anafunikwa uso.

Mimi: Anafunikwa uso kwa nini?

Jaji: Asikonyezwe!

Spoku: Afadhali tutangaze amefariki. Kaka mtu akija mbio na futi kamba yake, tunamrekodi kwenye simu, tunamburuza polisi, halafu Baridi anafufuka kutoa ushahidi.

Baridi: Mnanizika huku mnakunywa kahawa niliyowanunulia mimi?

Alisema kwa sauti kubwa, kisha akashika tumbo na kuinama. Kicheko chote kikatuishia. Jaji akavuta karatasi, akaandika kwa wino wa bluu kama watu wote: nyumba ni ya binti. Pale chini akaandika, mashahidi wawili.

Baridi ana moyo laini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akasema hawezi kutusahau sisi tuliokaa naye miaka yote. Jaji apewe redio. Spoku apewe ile mashine ya kujaza upepo. Mimi nipewe feni. Nilitakiwa kukataa. Lakini kibanda changu mchana ni tanuri, nikajisemea asante ya kimya kimya.

Ndipo binti akafika, cherehani kaiacha na nguo ya mteja, mkononi ana mfuko wa mashuka ya hospitali.

Binti: Shikamooni.

Sote: Marahaba, mama.

Akachukua karatasi, akaisoma akiwa amesimama.

Binti: Mashahidi ndiyo nyie?

Jaji: Sisi hasa.

Binti: Na humu kila mmoja amepewa kitu.

Spoku: Vidogo tu, mama. Kumbukumbu.

Binti: Sasa baba mkubwa akisema mlimwandikisha mgonjwa ili mpate vitu vyake, mtamjibu nini?

Weee! Jaji, mtu wa kujibu hata asipoulizwa, akajifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

Mimi: Tumwite mpita njia aweke sahihi.

Binti: Siku baba mkubwa akipinga, huyo mpita njia tutamtoa wapi?

Gari likafika, likapiga honi. Baridi hakuinuka.

Baridi: Nataka watu wawili wasiotaka kitu changu. Hawapo hapa?

Jaji akaangalia ndala zake. Spoku akawa anazungusha kikombe kitupu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza feni.

Baridi: Mimi naenda kulazwa mezani nichanwe, na nyie mnawaza redio! Mtoto wangu atolewe nje kwa sababu ya redio?

Binti akamshika bega, akageuza uso tusimwone.

Spoku: Nitoe. Nitoe kabisa, hiyo mashine mpe mtu mwingine.

Mimi: Na mimi nitoe.

Nilisema haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Jaji: Redio yangu lakini...

Spoku: Chukua redio yako! Wewe andika tu, sahihi usiweke.

Dereva akapiga honi tena, binti akamwonyesha kiganja asubiri. Jaji akaandika upya, bila mashine, bila feni. Baridi akaiweka karatasi kwenye paja, akashika kalamu.

Baridi: Msiangalie gari. Niangalieni mimi.

Tukainama, mimi huku na Spoku kule, mpaka nikasikia pumzi zake. Akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, mpaka ya mwisho. Kisha akainua macho, na nikaona jinsi alivyokuwa anaogopa.

Baridi: Mmeniona? Wote wawili?

Spoku: Tumekuona, kaka.

Mimi: Tumekuona.