Shukriya binti Thabit, Mwenye Meza ya Shuka

Kwa jina la Mwenyezi Mungu tunaanza, na kwake ndiko tuendako sote. Haya ni maisha ya marehemu Bi Shukriya binti Thabit, yameandikwa na dada yake mkubwa, Fawziya, yasomwe siku ya tatu ya azza, yaani matanga, hapa Ibra, Oman, Jumanne tarehe 18 Novemba 2025. Mkikuta herufi zimekosewa, lawama ni zangu. Tarehe msizitilie shaka, kwani mimi sisahau.

Marehemu alizaliwa Vuga, Unguja, Jumatatu tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa pili wa Thabit bin Nasr. Dirisha la juu la nyumba yetu lilikuwa likitazama kiwanja cha Mnazi Mmoja. Alipokuwa na miaka saba alimwambia baba, "Baba, yule wa katikati hakimbii, lakini mpira unamfuata." Baba akacheka mpaka kofia ikamvuka. Haukupita mwezi, mtu yule akafanywa kapteni.

Alihitimu Qur'ani akiwa na miaka tisa, na skuli ya wasichana akafika darasa la sita. Mwaka 1964 ukakata mambo, na mnaojua mnajua. Tuliingia Ibra mwaka 1972. Kiarabu cha kusema tulikiokota njiani, lakini cha kusoma alikifuata mwenyewe kwenye madarasa ya watu wazima. Mwalimu wake akamwuliza, "Wenzako wanataka kusoma barua za waume zao. Wewe je?" Akamjibu, "Wangu yuko nyumbani. Mimi nataka kusoma gazetini nani kasajiliwa."

Huyo wa nyumbani ni marehemu Hashil bin Humaid, aliyemuoa tarehe 5 Septemba 1974. Alikuwa dereva wa gari la maji. Hashil mpira haukumhusu hata kidogo, lakini kila timu yetu ya Al-Falaj ilipocheza alikwenda kuliegesha lori nyuma ya goli, mkewe akatazama kutoka juu, yeye akalala usingizi. Walijaaliwa watoto watatu. Hashil alitangulia mwaka 2009.

Tangu mwaka 1991 marehemu alikuwa na meza ya shuka na vitambaa katika soko la wanawake la Jumatano, ambako mwanamume haweki mguu. Wanaume walikaa sabla, baraza lao, wakibishana nani anahama na nani anabaki, na uvumi ukazaa uvumi. Marehemu alikuwa akijua ukweli, kwa kuwa mama wa kila mchezaji alipita mezani kwake. Alisema, "Mchezaji haondoki mpaka mama yake anunue shuka." Na juu ya kujenga timu alisema anza na kipa, halafu mabeki, na wawe vijana wa hapa, wanaokula kwao. "Usiuze kizingiti ukanunue taa."

Alikosea mara moja, mwaka 2016, nami siifichi kwa sababu yeye hakuificha. Mama yake Khalaf alinunua shuka tatu, marehemu akasema kijana anahama, timu ikampa nafasi yake mtu mwengine. Kumbe shuka zilikuwa za wageni wa harusi. Khalaf akaudhika akaacha mpira. Marehemu alibeba mkate wa ufuta akaenda kwao kuomba radhi, na jambo lile lilimkaa moyoni miaka yote.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na aliwaomba watu wa hospitali wamwachie Jumatano yake. Basi mwaka huu, mwezi wa Agosti, ukavuma uvumi kuwa kipa wetu, Wadhah, anachukuliwa na timu moja ya mji wa Sur. Hamood, mkubwa wa Al-Falaj, akaja kusimama nje ya geti la soko kama mkwe aliyekosa adabu. Marehemu akatoka kwa mkongojo wake.

"Shikamoo, khala. Watu wa Sur wanatupa wawili wa mbele kwa Wadhah mmoja. Tukingoja ataondoka, tubaki mikono mitupu."

"Marahaba. Mama yake kapita asubuhi. Kanunua kitambaa cha pazia, mita kumi na mbili. Cha chumba cha Wadhah."

"Khala, na ile ya Khalaf?"

"Ile niliona shuka nikakisia, sikuuliza. Safari hii nimemwuliza Radhia mwenyewe, ana kwa ana."

"Na ukikosea tena?"

"Naifunga meza."

Hamood akawarudishia watu wa Sur jibu kwamba Wadhah hauzwi. Mjini wapo waliosema kibibi mgonjwa anaizamisha timu, na wengine wamekaa hapa leo wanakula halwa yetu.

Ijumaa tarehe 14 Novemba Al-Falaj ilicheza fainali na timu ile ile ya Sur. Marehemu alikuwa ndani ya gari la mwanawe Nasr, nyuma ya goli, blanketi magotini. Dakika tisini hapana aliyefunga. Kwenye penalti Wadhah aliokoa mbili, nasi tukatia zote. Hamood akaja dirishani analia.

"Wale wawili wa mbele uliokuwa ukiwataka," marehemu akamwuliza, "wako wapi?"

"Ndio waliokosa penalti, khala."

Kombe halikupita dirishani, ikabidi mlango ufunguliwe. Marehemu alilifuta kwa ukaya wake, akaligeuza kutazama muhuri chini, kama sufuria ya dukani, akasema, "Zuri."

Alifariki nyumbani kwake Jumapili alfajiri, tarehe 16, baada ya kusali, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Jeneza lilibebwa na Al-Falaj, na Khalaf alikuwa mbele.

Ameacha dada mmoja, watoto Fakhriya, Nasr na Alyaa, wajukuu tisa, na meza ambayo Fakhriya ataifungua kesho Jumatano, inshallah.

Jana, humu humu kwenye azza, wanawake walianza kunong'ona kuwa sasa Wadhah ataondoka, maana aliyekuwa akimzuia hayupo. Radhia, mama yake Wadhah, aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Sijanunua shuka," akasema.

Mwenyezi Mungu amrehemu Shukriya, ampanulie kaburi lake, na ampumzishe kwa amani kama alivyopumzika siku ile ndani ya gari, kombe magotini. Amin.