Bi Mwanamwema na Pembe Nne za Kompyuta

Bi Mwanamwema Shaib anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, baada ya kulitumikia ghala letu la samaki hapa Tanga kwa miaka ishirini na saba. Wapakizi wenzangu wamenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Nilikataa, maana shule yangu ni fupi. Wakaniambia, "Andika wewe, Zebedayo. Wa ofisini watamsifu vizuri halafu watasahau habari za vyumba vya baridi."

Alizaliwa Pemba, akaolewa Usagara. Alianza kwenye meza ya kusafisha pweza, akapelekwa kwenye mizani, mwishowe akawa karani wa vyumba vya baridi. Kompyuta ilipoletwa, hakuwa amewahi kuigusa. Alisema aliizoea kama mke mwenza: humpendi, lakini nyumba ni moja.

Asiyelijua ghala letu ajue hivi. Tuna vyumba vinne vya kugandishia, kila kimoja kwenye pembe yake ya jengo. Ukiingia, hata pumzi inauma. Mashine za kupozea zinanguruma mchana kutwa, na ukipiga ukuta ukiwa ndani, nje hawasikii. Mlango ukijifunga, na kitasa cha ndani kikashika barafu, hutoki mpaka mtu wa nje akukumbuke. Wengi wetu tumetoka mbali, Kasulu, Songea, Makete. Tumepanga vyumba vya peke yetu, na jioni usiporudi hakuna mke wa kuuliza umepotelea wapi. Aliyekuwa akituulizia ni Bi Mwanamwema.

Alifanya hivi. Uso wa kompyuta, ule unaouona kwanza ikiwaka, aliukuta umejaa kama kapu la mtumba: nyimbo, picha za harusi, mafaili ya mizigo ya zamani. Alifuta yasiyo na kazi bila kumwomba mtu radhi, na ya mizigo akayaweka kwenye folda moja. Palipobaki peupe akaweka picha ndogo za wapakizi wote, katikati. Yangu aliicheka sana, akasema nimenuna kama mtu aliyenyimwa ubwabwa shughulini. Ukiingia chumba cha pili, anaivuta picha yako mpaka kwenye pembe ya kioo aliyoipa chumba cha pili, maana pembe nne za kioo ndizo vyumba vyetu vinne. Ukitoka unapita dirishani kwake akuone kwa macho, ndipo anairudisha katikati. Pembe ikiwa na picha ya mtu, hali chakula wala hazimi kompyuta.

Mwaka jana alikwenda kuswali adhuhuri, akamwachia kiti Edgar, karani msaidizi. Edgar ni mtu nadhifu, shati lake halijui kunyanzi. Aliona picha zimetawanyika, nyingine huku nyingine kule, akaona ni fujo. Akabofya pale pa kupanga kwa majina. Picha zote zikarukia upande wa kushoto na kusimama mstari mmoja, Asheri juu, mimi chini kabisa. Bi aliporudi, Edgar alimwonyesha kwa furaha.

"Bi, nimekusafishia."

"Umesafisha nini, mwanangu? Nani alikuwa pembeni?"

Edgar hakukumbuka. Bi Mwanamwema alitoka pale bila viatu, akaamuru milango yote ifunguliwe, akaanza kutuita mmoja mmoja ukumbini. Tuliitika wote isipokuwa Noa. Alikuwa ameingia chumba cha tatu na Hosea. Hosea aliitwa kwenye lori, na mlango ukajifunga nyuma yake. Tulimkuta Noa ameketi juu ya maboksi ya pweza, nyusi nyeupe, mikono kwapani, haitiki. Alipomeza uji ndipo akasema, "Nilidhani mmeshakwenda kula." Siku hizi Hosea humtania, "Baba wa safina, ulichagua wanyama gani, pweza watupu?" Siku ile hakuna aliyecheka.

Bi hakumfokea Edgar mbele ya watu. Alimwambia tu, "Hizi si pambo. Picha ilipo, ndipo mtu alipo." Kisha akazirudisha moja moja.

Sasa kiti kinakwenda kwa Edgar. Nitasema wazi, na yeye nimeshamwambia: tunaogopa. Asubuhi tukivaa makoti, mazungumzo ni hayo hayo. Asheri amefikia kuweka kipande cha gogo mlangoni, akakatazwa kwa sababu baridi inatoka na pweza wanaharibika.

Bi Mwanamwema anajua hofu yetu. Wiki iliyopita alimvalisha Edgar koti, akampeleka chumba cha tatu. Edgar akauliza atakaa muda gani.

"Mpaka nikukumbuke," akamjibu.

Akafunga mlango, akarudi kitini, akaivuta picha ya Edgar mpaka pembeni, akakaa anaitazama. Sisi tulisimama dirishani, na hata sisi tuliomlaumu Edgar tulianza kumwomba Bi afungue. Edgar alipotoka alipita dirishani, Bi amwone kwa macho. Tangu siku hiyo hukaa kwenye kile kiti, chai yake inapoa mbele yake, na tunamsikia: "Hosea, umetoka? Pita hapa nikuone. Noa yuko wapi?" Anauliza hata mtu akiwa mbele yake. Mwacheni aulize.

Kitasa cha ndani cha chumba cha tatu bado kinaganda. Meneja atakuwepo kwenye sherehe ya kumuaga Bi, namwomba sentensi hiyo aisome mara mbili.

Bi Mwanamwema, ahsante. Kwa miaka yote hiyo ulichelewa chakula kwa sababu yetu. Rudi Pemba kwa wajukuu, ule kwa wakati, ulale mchana. Tunakutakia afya na maisha mema. Na Jumatatu asubuhi, ukishaswali, tuombee tutoke.