Wasifu wa Marehemu Fundi Saa, na Aliyemfundisha Kuvua

Marehemu baba yetu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Saa, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, mtoto wa nne wa karani wa reli na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi ya nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1963. Hesabu zilimpenda. Mwandiko ulimshinda kabisa.

Mwaka 1966 alianza kujifunza ufundi, na kwa miaka arobaini na moja alikaa kwenye kibanda cha kioo kando ya posta, lenzi jichoni. Saa ikimshinda, alimrudishia mwenyewe na kusema wazi, "Hii imenishinda." Jambo moja tu hakuwahi kulisema wazi, na aliagiza lisomwe leo.

Jumamosi moja ya Juni 1971 alikwenda bwawani na mshipi mnene na ndoana ya kutisha. Akaambulia patupu. Dada mmoja, mhudumu wa maabara, alikuwa akivua jirani. Alimtazama weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Kaka, ndoana hiyo unamvulia nani, mamba? Perege ana mdomo mdogo."

Akampa ndoana ndogo na mshipi mwembamba. Akamwonyesha kukanda unga wa chambo na nyuzi za pamba usiyeyuke majini, kukaa nyuma kivuli kisiguse maji, na kutovuta boya likitikisika tu, bali asubiri lizame. Siku hiyo alirudi na perege saba. Tarehe 12 Agosti 1972 akamwoa.

Marafiki walipomuuliza siri yake, alijibu kwamba ameigundua mwenyewe. Uongo huo ukaota mizizi. Chama cha wavuvi kikamwita Mwalimu, maelekezo yakabandikwa ukutani kwa jina lake, na vijana kwa wazee wakaja kujifunza kwake. Mama alicheka tu, akaendelea kumkandia unga.

Machi mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Maumivu aliyavumilia kiume. Lile jambo ndilo lililomnyima raha. Alimwambia dada yetu mkubwa, "Nimekula sifa za mke wangu miaka hamsini. Mtasoma, hata akikataza."

Na kweli mama alikataza. "Mzee, hayo yameshapita."

"Hayajapita. Bado yako ukutani."

Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama. Tunajivunia ufundi wake. Tunajivunia zaidi kwamba aliona aibu, na bado akataka isomwe mbele ya watu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Nanyi wavuvi mliofika kumzika mwalimu wenu, baba ametutuma tuwaambie: mwalimu wenu yu hai, amekaa safu ya mbele, na leo kitambaa kimemfunika uso. Mpeni mkono kabla hamjaondoka.

Baba, tumesoma. Sasa pumzika kwa amani.